Fumba, Inua, Fumbua

Mzee wangu Fundi Mbarak,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako cha plastiki, kile ulichokifunga mguu kwa waya ukakataa kabisa kibadilishwe. Bado kinayumba. Barua hii naiacha wazi hapa karakana, yeyote wa klabu aisome, maana ulikuwa wetu sote, na hapa Riyadh simjui mpiga shabaha wetu ambaye kitako cha bunduki yake hakikupita mikononi mwako. Lakini lililonikalisha hapa ni langu na wewe. Siku ulipokuwa ukihamia Jeddah uliniambia, "Barasa, ukichoka niambie mimi kwanza. Usiniondokee kimya kama paka." Nikakuahidi. Sasa nimechoka, Mzee, na wewe ndiye uliyeondoka kimya.

Mpwa wako alinipigia kutoka Ruwais, huko Jeddah, asubuhi, nikiwa naosha gari la Abu Turki. "Mjomba ametutoka," akasema, basi. Ilipofika alasiri walikuwa wameshakuzika. Najua kwenu maiti haicheleweshwi. Kwetu Bungoma tungekuwa bado tunabishana kuhusu hema na ng'ombe. Nilisimama pale maji yakitiririka barabarani mpaka Abu Turki akatoka kuuliza kuna nini. Nilipomwambia, alikaa kwenye ngazi zenye maji na kanzu yake nyeupe. Mimi dereva wake wa miaka yote hii sikuwa nimewahi kumwona amekaa chini.

Unakumbuka tulivyoonana? Kazi ya dereva katika nchi hii ni kungoja zaidi ya kuendesha. Nilikuwa nimemleta Abu Turki kwenye viwanja vya shabaha, milio inasikika nyuma ya ukuta, mimi nimejifungia garini na kiyoyozi. Ukagonga kioo kwa mpini wa tupa.

"Wafanyani humo ndani? Njoo unishikie mbao."

Jiliwa lako lilikuwa limevunjika, na ulihitaji mtu mwenye mikono ya kubana. Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Hata jiliwa jipya lilipokuja uliniambia nisiende popote, kwamba lile la chuma halisikii likiambiwa legeza. Kwa muda mrefu hicho ndicho kilikuwa cheo changu. Mgeni akiuliza huyu Mkenya ni nani, unamjibu kwa Kiarabu chako cha Pwani kwamba ni jiliwa lako. Baadaye ukanipa msasa, baadaye tupa, na randa yako hukunipa mpaka ulipokuwa unafunga mizigo. Ulikuwa mchoyo wa vifaa, Mzee, tuseme ukweli. Chai yako ulimpa kila mtu, lakini randa ilikuwa kama mke.

Hukuja huku kwa ajili ya bunduki. Ulikuja Jeddah kukarabati milango na madirisha ya nyumba za zamani, kazi uliyojifunza kwa baba yako Malindi. Siku moja mtu akakuletea kitako kilichopasuka. Ukakiunga, na yule mtu akaanza kuvunja sahani nyingi za udongo, zile zinazorushwa hewani kwa shabaha, kuliko alivyowahi kuvunja maishani. Akamleta rafiki yake, na rafiki akamleta wake. Mwisho Riyadh ikakuita, ukapewa chumba hiki kando ya viwanja.

Nimeona wengi wakiingia na bunduki za mitutu miwili, za fahari, wakitaka ukae ushangae. Hukushangaa. Uliifungua bunduki ukaona kwamba ni tupu, ukanionyesha mimi nione, ukamwonyesha mwenyewe aone, hata kama alikuwa ameshaapa. Ndipo ukamsimamisha aukabili ukuta.

"Fumba," ukamwambia. Afumbe macho.

"Inua." Ailete bunduki begani na shavuni, akiwa kipofu hivyo hivyo.

"Fumbua."

Na hapo ndipo mtu alipojua. Jicho likikaa sawa juu ya mtutu, kitako ni chake. Likiona ukuta, au likiona mtutu mzima kama barabara, kitako ni cha mtu mwingine ambaye hajazaliwa. Uliniambia kwamba macho yakiwa wazi mtu huipinda shingo akaifuata bunduki, akajidanganya kuwa imemkaa. Maneno yale matatu hukuyatafsiri hata siku moja. Leo Wasaudi, Wasudani, hata yule Mfilipino anayejaza sahani kwenye mashine, wote wanasema fumba, inua, fumbua. Abu Turki anadhani ni lugha ya bunduki.

Siwezi kuacha kutaja Ramadhani. Mimi Mkristo, nina njaa zangu, na mchana hakuna pa kulia. Ulivuta pazia la nyuma ya karakana ukaniwekea mkate na mayai. Nikakataa kwa aibu, nikakuambia nitangoja na wewe. "Kula, mwanangu. Niliyefunga ni mimi. Wewe ukianguka na tupa mkononi, mbao yangu itaharibika." Ukasimama mlangoni kunilinda, wewe uliyekuwa na njaa, ukimlinda anayekula. Hilo nimelisimulia nyumbani mpaka mke wangu Nekesa analijua kwa moyo.

Kisha ugonjwa ukakurudisha Jeddah kwa mpwa wako, upate hewa ya bahari, na karakana ukaniachia "kwa muda". Tukaanza mambo ya simu. Mimi nimeishika simu yangu juu ya mbao, wewe uko Ruwais kitandani unaelekeza. Nikisahau nikajielekezea kamera mwenyewe, unafoka. "Geuza simu. Uso wako nimeuzoea. Nionyeshe mbao." Upande wangu sikuona kitu ila dari ya chumba chako na feni ikizunguka. Nilikutania kwamba wazee na simu ni maji na mafuta, kwamba feni yako naijua kuliko ninavyokujua wewe. Ukacheka, ukasema feni haina ubaya, niitazame tu.

Kitako cha mwisho tulichokianza kwa njia hiyo ni cha Nouf, binti wa Abu Turki. Unamjua: mkono wake wa nguvu ni wa kulia, lakini jicho lake la nguvu ni la kushoto. Wengine walimwambia alizibe hilo la kushoto kwa karatasi. Wewe ulimwambia ahamie bega la kushoto aanze upya kama mtoto. Alilia, akahama. Ulikuwa unamchongea kitako cha upande huo, na kilibaki kidogo tu, hapa panapokaa shavu.

Tulikuja Jeddah siku iliyofuata mazishi yako, kukuaga. Niliendesha siku nzima, Abu Turki mbele, Nouf nyuma, redio imezimwa. Makaburini Abu Turki aliingia na mpwa wako. Mimi si Mwislamu, na Nouf ni mwanamke, huku wanawake hawaingii makaburini. Basi tukabaki nje ya ukuta, dereva na binti wa tajiri, juani, kila mmoja akiutazama ule ukuta kana kwamba una dirisha. Mpwa wako alitoka akasema kaburi lako ni jiwe tu, bila jina, kama makaburi ya wenzako wote. Nilitaka kujua ni safu gani, nikaona haina maana, sitaingia.

Nouf akaniuliza, "Kitako changu nani atakimaliza?" Papo hapo akajifunika mdomo kwa aibu. Nikamwambia aibu ya nini, hata Fundi angekuwa hai lingekuwa swali lake la kwanza. Nikamwambia nitakimaliza mimi. Nilisema hivyo kwa sababu ya jua na kwa sababu ya machozi yake, lakini ndani yangu hapakuwa na hata punje ya nguvu.

Ijumaa iliyofuata klabu ilikusanyika kwa ajili yako. Walikubaliana wasitoe hotuba. Abu Turki, aliye mkubwa wao, angesimama mahali pake na bunduki uliyomchongea kitako, angeita sahani, sahani moja ingeruka, na hakuna ambaye angefyatua. Iachwe iende zake, ianguke mchangani yenyewe. Nilipenda wazo lile. Watu wakasimama kimya, wengine wameinamisha vichwa. Abu Turki akaita. Sahani ikaruka, ya rangi ya chungwa. Na Abu Turki akaipiga, ikawa vumbi.

Hakujua kama amefanya hivyo. Aligeuka akatutazama kama mtu aliyeamshwa, bunduki bado iko shavuni. "Wallahi," akasema, "imeinuka yenyewe." Mfilipino akaanza kucheka, akafuata Msudani, mwisho uwanja mzima, wazee na ndevu zao, wanacheka huku wanapangusa macho. Ulikuwa umekichonga vizuri mno kile kitako, Mzee, kikaharibu mazishi yako. Nilicheka nami. Halafu nikaenda nyuma ya karakana, penye pazia lile, nikalia.

Baada ya hapo Abu Turki akaniita. Ikama yangu, kibali cha kuishi huku, inakaribia kwisha. Anataka aifanye upya, aniondoe kwenye udereva, niwe fundi wa klabu kwa jina. "Barasa, wewe ni mtoto wake," akasema. "Mafi, hakuna mwingine." Wewe unajua ningelipokeaje neno hilo zamani. Sasa nililisikia kama mzigo unawekwa juu ya mwingine. Nikamwomba siku chache. Nikampigia Nekesa, akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Baba Junior, hapa watoto wanajua sauti yako tu. Mimi nitakubali utakalosema, lakini usiniulize kama nimechoka."

Nami nimechoka. Si mgongo wala macho. Nimechoka kuwa mtu wa kwenye simu. Nimechoka kungojea nje ya kuta. Niliogopa, Mzee, kwamba nikisema halas, basi imetosha, chumba hiki kitafungwa, watanunua vile vitako vya chuma vya kukaza kwa skrubu, na wewe utakuwa umekufa mara ya pili kwa mkono wangu.

Jana Nouf alikuja kujaribu. Tukaifungua bunduki, tukaona ni tupu, sote wawili. Fumba. Inua. Fumbua.

"Naona mtutu wote," akasema. "Kama barabara."

Shavu liko juu, mbao inatakiwa ipungue. Kidogo, na unajua mwenyewe: ukishaitoa mbao hairudi. Nikaishika tupa na mkono ukanigomea. Nikaiweka mezani. "Piga tupa wewe," nikamwambia. "Umenitazama vya kutosha." Nikatoka nikaenda kukaa garini, kama siku ile ya kwanza.

Haukupita muda simu ikaita. Ni Nouf, kutoka humu ndani, uso wake umekijaza kioo cha simu, vumbi la mbao puani. Akaanza kueleza, na mdomo wangu ukasema wenyewe, "Geuza simu. Uso wako nimeuzoea. Nionyeshe mbao."

Akacheka, akageuza. Alikuwa ameanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Nikamwambia afuate mshipa wa mbao, asiukate, apige mara chache kisha apapase kwa kidole gumba. Akawa anapiga na kupapasa. Nilikuwa nimechoka mno kuushikilia mkono juu, nikailaza simu kifuani nikaendelea kuusikiliza mlio wa tupa. Akasema, "Barasa, mbona naona paa la gari tu?"

Hapo ndipo nilipokuelewa. Haikuwa uzee, wala kutojua simu. Hukuwa na nguvu ya kuishika, Mzee. Ulikuwa umeilaza kifuani, umechoka kuliko nilivyo, na hukuaga, ulibaki kwenye laini ukisikiliza tupa yangu mpaka kazi iishe. Nami nikakuchekea feni.

Nouf alimaliza kabla ya magharibi. Nilirudi ndani, akafumba, akainua, akafumbua, akanyamaza. Sikumuuliza. Ulitufundisha kwamba kitako kikimkaa mtu, hana la kusema.

Kwa hiyo nakuambia wewe kwanza, kama nilivyoahidi, na Abu Turki nitamwambia kesho: nimechoka, naenda nyumbani. Randa nimemkabidhi Nouf, na nimemwambia ni kama mke. Akikwama atanipigia Bungoma. Dari ya nyumba yangu ni mabati, haina feni, lakini nitabaki kwenye laini.

Lala salama huko nyuma ya ukuta.

Mimi mwanao, jiliwa lako la zamani,
Barasa