Feni Iliyomeza Jina Langu

Jumatano

Vuuu. Feni ya ile projekta ya bei ndogo bado inavuma masikioni mwangu. Dukani, tukitafuta ya kuonyeshea picha siku ya kumaliza matanga, tuliijaribu kwa video ya marehemu Mama, ile ya hospitalini, anapotuita watoto wake kwa majina, kwa sauti ya chini. Picha ilikuwa nzuri. Jina langu halikusikika. Feni ililimeza.

Projekta ya pili, ya bei kali, haikutoa mlio wowote. Mama aliniita, nusura niitike.

Yaya Didier, kaka yetu mkubwa, akacheka. "Mudogo, kwa kumaliza kilio bantu banakuyaka kula. Hii ya bei kidogo inaenea, inatosha."

"Wanakuja kula tu? Na sauti ya Mama, Yaya?"

"Tutaweka muziki juu."

Muziki, juu ya Mama! Muuzaji naye akacheka, akamfungia Yaya ile ya bei ndogo.

Labda ni ubinafsi wangu. Jina la Yaya nalo limo mle, tena ndilo la kwanza. Hakulitegea sikio.

Mchana nilirudi peke yangu, nikanunua ile ya kimya kwa akiba yangu ya chuo. Jioni nimempa Yaya flash ya kuonyesha Jumamosi kwenye kilio. Ina picha tu. Video nimeitoa; hiyo nitaitazama mwenyewe, kwa projekta yangu ya kimya.