Bwana Yangu Anasema Korale Inachelewa

Mama Solange, niko na shida yenye siwezi kupeleka kwa pasta wala kwa mama mukwe, njo maana nimekuandikia wewe, na kama utaisoma mu redio naomba ufiche jina langu.

Niko muke wa Faustin, hapa Bihambwe, tunalima maharagi na mihogo kama watu wote, na siku ya Mungu mi njo naongozaka korale ya kanisa letu, naye Faustin njo mutu wa sauti. Mbele tulikuwa na meza ya kuchanganyia sauti, kufika Pasaka panya wakakula nyuzi zake, ikakufa, na Faustin akasema si kitu, ile ordinatere, kompyuta yenye anarekodiaka nyimbo zetu inaweza kufanya kazi yote, anachomeka mikro kwa kisanduku kidogo wanaita karte son, sauti inaingia mu ordinatere, anaitengeneza na logisiele, programu yake ya kurekodi, kiisha inatoka na kwenda kwa bafle, zile spika za kanisa. Na kweli sauti ilikuwa safi, hata Mama Euphrasie wa benchi ya nyuma, mwenye hasikiaka vizuri, alisikia mahubiri yote, na mi nilijivunia bwana yangu, sikatai.

Kiisha tukaimba. Mama, sauti inatoka kwa bafle nyuma ya kinywa, kidogo tu, kama muntu anakufuatisha maneno. Waimbaji wakijisikia kule wanangojea, wakingojea sauti inachelewa tena, na Byamungu wa ngoma hana mikro wala hana habari, anaenda na mwendo wake, tukifika beti ya tatu yeye amemaliza na sisi tungali tunamsifu Bwana.

Faustin amevaa kaske masikioni, anasikia vyote kupitia mule mule mu ordinatere, kwake hakuna kitu chenye kubaki nyuma. Jioni ananifungulia rekodi: "Sikiliza wewe mwenyewe. Ngoma yenye inaingia kwa mikro zenu iko mbele, nyinyi nyuma. Machine haina sababu ya kukusengenya." Nilimuambia ni bafle, akasema ni mwangwi wa ukuta. Siku moja jenereta iliishiwa mafuta katikati ya wimbo, tukaimba na vinywa vyetu tu, tukaenda na ngoma vizuri mupaka watu wakasimama, na Faustin akasema: "Munaona? Mukipenda munaweza."

Chenye kiliniumiza ni komite. Alisema mbele ya wazee, mi nikiwa nimekaa pale pale, kwamba shida iko kwa mwenye kuongoza, labda tujaribu Brigitte wa mule mule mu korale. Asubuhi hiyo nilikuwa nimemupikia bwana yangu huyo.

Njo siku ya Mungu yenye ilifuata nikagawia waimbaji wote pamba, tukaziba masikio, tukafuata mukono wangu na ngoma, na tuliimba vizuri. Lakini muke wa pasta aliona pamba katika kila sikio, akaomba kanisa lote liombee ugonjwa wenye umeingia korale, na Faustin aliomba kwa nguvu kuliko wote. Sasa anaambia watu kama tumepona juu alirekebisha kitu mu logisiele.

Dada yake Josiane anaolewa Kashebere, korale imealikwa, Faustin anabeba machine yake. Bila pamba tutajiaibisha, na Brigitte atachukua nafasi yangu. Na pamba, wakwe watatuchukua kama wagonjwa. Rafiki yangu Céline anasema nichomoe waya. Lakini Faustin si mutu mubaya, sitaki aibike mbele ya wakwe wa dada yake. Nifanye nini?

Mwenye korale, Bihambwe

MAMA SOLANGE ANAJIBU

Mwanangu, umeomba tufiche jina lako, kiisha ukataja la bwana yako karibu kila mustari. Tumefanya tulichoweza.

Kwanza, hujakosea. Masikio yako iko sawa, pamoja na maombi yote yenye umeyapokea. Ordinatere haipitishi sauti kama waya. Inaikusanya kwanza, kiisha inaiachilia, na ikiwa imepangwa kukusanya nyingi, inachelewa. Kwa kurekodi, hiyo haiumizi mutu. Kwa kuimbisha watu pale pale, inaumiza. Sisi hapa redio tuliipata: mutangazaji wetu alijisikia nyuma mu kaske, akasoma matangazo ya vifo kama mulevi, na familia moja ikaja kuuliza.

Faustin afungue mipango ya logisiele yake, atafute mahali pameandikwa "tampon", njo kipimo cha ile sauti yenye inakusanywa, apunguze. Atoe na ile miangwi ya kupamba sauti, maana nayo inaongeza kuchelewa. Tena aangalie kisanduku chake vizuri: vingi viko na kifungo cha kupeleka sauti ya mikro kwa bafle moja kwa moja, ordinatere ikabaki na kazi yake ya kurekodi.

Sasa wewe. Unainua mukono, korale nzima inanyamaza, lakini mutu mumoja mwenye kulala kitanda kimoja nawe umemushindwa mupaka ukakimbilia pamba. Na uliachia kanisa liombee masikio mazima. Hiyo utaisema kwa muke wa pasta, kwa kinywa chako. Waya wa Céline usiuguse.

Bwana yako hajakuwa mukaidi sana kama unavyofikiri. Hajasimama mahali unaposimama, basi. Mbele ya safari ya Kashebere, muite kanisani na Byamungu tu. Machine iwake. Mupe mikro, vua kaske yake, mwambie aimbe wimbo anaoupenda. Wewe usieleze kitu. Na akishajua, usimuambie "nilikuambia". Najua itakuwasha ulimi.

Neno la komite ni jambo lingine. Lile halikutoka kwa machine, lilitoka kwake. Mwambie nyumbani kwamba lilikuumiza, na kama lilisemwa mbele ya wazee, litaondolewa mbele ya wazee. Hapo usipunguze kitu.

Papa Faustin, ukiwa unatusikia, jioni njema.

Nyuma ya juma mbili mama huyu alituandikia tena:

Mama Solange, Kashebere tuliimba na ngoma mupaka mwisho, na Josiane alicheza hata viatu vikamutoka. Mi na muke wa pasta tumeongea, alicheka mupaka akakaa chini. Na mbele ya safari Faustin alienda kwa wazee peke yake, akaliondoa lile neno.

Lakini nataka ujue vile ilianza. Alikusikia mu redio akiwa shambani. Jioni ni yeye alibeba machine kanisani, akaniita mi na Byamungu. Akavua kaske, akashika mikro, akaanza kuimba. Hakumaliza beti. Aliangalia bafle, kiisha akaniangalia.

"Munaimbaka hivi tangu Pasaka?"

Nikasema ndiyo.

Akaweka mikro chini. Kiisha akauliza polepole: "Na hamukuacha?"

Nilikuwa na maneno mingi, Mama. Nikamuambia atafute kwanza hiyo tampon, juu Byamungu alikuwa anangoja.