Wageni Wachache Kabisa

Bigwa, Morogoro

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naijua, huwa unaivuta ndefu, nami nimeshaipokea kabla barua haijakufikia. Goti linaendeleaje? Na korosho, zimeanza kuanguka au bado mnazitazama tu juu ya miti? Rukia wangu hakusumbui sana? Mwambie mama yake anamsalimu kabla ya watu wote. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na baridi ya huku chini ya mlima nimeanza kuizoea. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu mtandao wa huko kwetu unakata maneno, na haya ya leo hayafai kukatwa. Najua atakayekusomea ni mdogo wangu Hamisi. Hamisi, soma taratibu, usiruke.

Mama, nusura nipoteze kazi kwa sababu ya Kiingereza.

Nilikwambia habari za Mama Mkude, huyu mjane wa Kiluguru ninayempikia. Mumewe alipofariki aliigeuza nyumba yake kuwa nyumba ya wageni, akitegemea watu wanaokuja kupanda milima ya Uluguru. Wageni wenyewe wakawa wa kubahatisha. Wanawe walioko Dar wakaanza kumshauri apangishe nyumba yote kwa mfanyabiashara mmoja aifanye ghala la saruji. Akaniambia wazi kwamba mambo yakiendelea hivi atakubali. Mimi nikawa napika huku najiuliza, saruji itapikiwa nini?

Basi siku moja kwenye simu ya Mama Mkude ukaingia ujumbe wa Kiingereza kutoka kwa mama mmoja wa Uingereza, anaitwa Heleni. Ndiye kiongozi wa kikundi cha wazee wanaozunguka dunia kutazama ndege, hawa ndege wa porini wa kuruka. Mama Mkude akanipa simu nisome, maana nyumba nzima mwenye kidato cha nne ni mimi. Uliandikwa, "Quite a few of us are coming, and only a few eat meat."

Nikaukalia ule ujumbe. "Few" naijua, ni wachache. "Quite" shuleni tulifundishwa ni kabisa. Nikajumlisha, nikamwambia kwa uhakika wote, "Mama, anasema wanakuja wachache kabisa, na wachache tu ndio wanaokula nyama."

Akafikiri, akauliza, "Wachache kabisa, na katika hao wachache, wachache ndio wala nyama? Basi nyama atakula nani?"

Tukacheka. Tukawajibu karibuni sana, nafasi ipo. Siku yenyewe nikachinja kuku mmoja, nikaosha mchele wa kutosha familia ndogo, tukatandika vyumba viwili. Mama Mkude akavaa kitenge chake kizuri, akakaa barazani kungoja.

Ilipofika alasiri ikaja Kosta, yale mabasi madogo. Mlango ukafunguliwa wakaanza kushuka. Wakashuka, Mama, wakashuka. Wazee wenye kofia pana, bibi wenye fimbo za kupandia mlima, kila mtu na darubini shingoni. Nikadhani wengine wanashuka kujinyoosha tu kisha warudi garini waendelee na safari zao. Nikaona mizigo nayo inateremshwa. Uani pakajaa kama kuna arusi.

Mama Mkude hakupaza sauti. Alinisogelea akaniuliza polepole, "Somoe, wachache ndio hawa?"

Akilini nikakuona wewe, nikamwona Rukia, nikaiona saruji inaingizwa chumbani kwangu. Dereva wa ile Kosta, kijana wa Dar aliyezoea kubeba watalii, alikuwa karibu akifungua kamba za mizigo. Nikamnong'oneza maneno ya ule ujumbe. Akasema bila hata kugeuka, "Dada, hiyo 'quite a few' ni wengi. Wazungu ndivyo wanavyosema. Akitaka kusema wachache tu, atasema 'only a few'."

Sasa mtu utajuaje hayo? Unaweka kabisa juu ya wachache, unapata wengi. Mpaka leo sijaelewa aliyeipanga lugha ile alikuwa anawaza nini.

Nilimfuata yule mama Heleni, nikaona bora niseme kweli kuliko kujificha jikoni. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba nimekosea kusoma, nimewaandalia chakula cha watu wawili watatu. Nilitegemea anune. Mama, yule bibi alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Akawageukia wenzake akawaeleza, nao wakacheka, lakini si kwa kunidharau, walicheka kama mtu anavyocheka na ndugu yake. Akaniambia mahema wanayo, watayasimika uani, niwape chai tu na wao watangoja.

Chai ikaenda. Lakini chakula? Nikatoka mbio hadi barabarani. Saa zile ndipo akina mama wa mlimani hurudi makwao kutoka sokoni. Alfajiri huteremka na mboga na matunda kichwani, alasiri hupanda na vikapu vitupu. Siku hiyo soko lilikuwa limelala, na wa kwanza niliyekutana naye, Bi Chausiku, alikuwa anarudi na mzigo karibu wote aliokuja nao. Magimbi, karoti, kabichi, ndizi mbichi. Nikamwambia yaliyonipata. Akasimama akanitazama, kisha akawageukia wenzake waliokuwa nyuma yake akawaita kwa Kiluguru, kwa ile sauti yao ya kuimba. Sikuelewa neno, ila niliona vikapu vyote vinageuza njia kuingia kwetu.

Majirani nao wakasikia. Wanawake wa kikundi cha mtaa wakaja na masufuria yao ya shughuli, yale ya kupikia pilau la arusi. Mmoja anakuna nazi, mwingine anamenya magimbi, mwingine anapepeta mchele. Mama Mkude akavua kile kitenge kizuri, akafunga khanga, akakamata mwiko mwenyewe. Hakuniambia neno la lawama, lakini pia hakunitazama, nami nikawa nachochea moto tu.

Adhana ya magharibi ikatukuta tunapakua. Magimbi ya nazi, ndizi, maharage, mchicha, wali. Wale wazee walikula mpaka wengine wakalegeza mikanda. Na lile neno la nyama nilikuwa nimelisoma sawa. Wala nyama walikuwa wachache kweli, kuku yule mmoja akawatosha na paja likabaki. Mama Mkude aliliona lile paja kwenye bakuli, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu alasiri. "Angalau nusu ya ujumbe uliisoma," akasema. Hapo nikajua sijafukuzwa.

Asubuhi wakapanda mlimani, na aliyewatangulia ni Bi Chausiku, maana njia ile ni yake na ndege anawajua kwa sauti. Wakakaa huko siku kadhaa, wakateremka wamechubuka na wamefurahi. Siku ya kuondoka majirani wote wakaja kuwaaga. Mama Heleni akasimama kusema, nikaambiwa nitafsiri. Akaanza, "Few people have looked after us like this."

Nikasita. Nilishaumwa na nyoka huyo. Nikamwuliza mbele za watu, ni "few" au ni "a few"? Akafurahi kuulizwa. Akanieleza kwamba ukitanguliza ile "a", watu hao wapo, ukiwatafuta utawapata. Ukiiondoa, ni kama hawapo kabisa. Nikawageukia majirani nikasema, "Anasema ni kama hakuna watu waliowahi kuwatunza hivi." Bi Chausiku akajifuta macho kwa ncha ya khanga akijifanya ni vumbi. Mama Heleni akamwahidi Mama Mkude kwamba mwakani watarudi, na idadi atampigia simu aitaje moja kwa moja.

Habari za saruji sizisikii tena.

Sasa Mama, ndilo hili lililonifanya niandike. Walipoondoka tulikaa tunachambua mchicha. Mama Mkude akaniuliza mtoto wangu anaanza lini darasa la kwanza. Nikamwambia Januari. Akasema, "Shule iko hapo nyuma. Chumba cha uani tutakipaka chokaa. Kamlete."

Nilisimama nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa tayari safi. Niliporudi nikamwambia nashukuru, ila mtoto ana mwenyewe, aliyemlea tangu anatambaa, siwezi kusema ndiyo kabla yeye hajasema. Akaniambia hayo ndiyo majibu ya mtu aliyelelewa.

Najua unavyolala naye ubavuni. Najua ndiye anayekuokotea korosho na kukusugua goti jioni. Ukisema asubiri mwaka mmoja, nitasubiri bila kinyongo. Ukisema aje, naomba umlete wewe mwenyewe, ukae nasi mpaka umezoea kumwacha, au mpaka umeshindwa na ukabaki. Kitanda ni kikubwa. Mlima uko karibu mno, ukifungua dirisha utadhani umekuja kukuchungulia.

Nisalimie mjomba Bakari, mwulize dawa ya kifua ameipata au nimtumie nyingine. Msalimie shangazi Hadija na jirani yetu mfinyanzi. Hamisi, ahsante kwa kusoma, sasa mpe bibi yake Rukia maji ya kunywa, kisha mwache afikiri.

Nasubiri neno lako, Mama.

Mwanao,
Somoe