Mimi Nakula Ful Kila Asubuhi, Mwanangu Ikamwangusha

Mpendwa Bi Afaf,

Nifungue macho tafadhali, maana hapa kwetu Damanhur kila mtu amegeuka daktari. Mwanangu Yahya, wa miaka minne, sikukuu ya Sham el-Nessim alikaa na babu yake wakimenya maharage mabichi ya ful na kula, kesho yake macho yakawa ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi, nikambeba mbio hospitali, akaongezewa damu, na alhamdulillah amepona, lakini daktari akasema ful ni sumu kwake maisha yake yote na hali hiyo ameirithi kwangu mimi mama yake, mimi ambaye nakula ful kila asubuhi tangu niote meno na sijawahi hata kuumwa tumbo, na binti yangu Malak anakula vilevile. Nitampaje mtoto kitu nisichokuwa nacho?

Mama mkwe, Hagga Inshirah, hakungoja jibu. Mdogo wangu Samah amechumbiwa na shemeji yangu Emad, mdogo wa mume wangu, na juzi mama mkwe akatamka mbele ya wote, "Huo uchumba uvunjike. Sisi kwetu watu wanakula ful mpaka uzeeni. Haya mambo yameletwa na kina Nagwa, huyu mkwe wangu."

Mume wangu Wagdi akasema, "Mama, daktari amesema si kosa la mtu."

"Daktari haozeshi hapa. Ninayeozesha ni mimi."

Samah hatoki chumbani, Emad kanywea, nami najiuliza mbona kaka yangu Ragab hagusi ful tangu utotoni, na sisi tukimcheka kuwa anajifanya pasha, bwana mkubwa asiyekula chakula cha maskini. Nifanye nini?

Nagwa

Nagwa,

Pole, na umefanya vizuri kuuliza. Jibu umeliandika mwenyewe: Ragab. Huenda alionja akaugua, akakoma, nanyi mkamcheka. Kamwombe radhi, kisha apimwe.

Kasoro hii, upungufu wa kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, hukaa kwenye kromosomu X. Mwanamke anazo mbili, mwanamume anayo moja. Wewe una moja mbovu na moja nzima, na ile nzima inakubebea mzigo. Yahya alichukua mbovu, na hana ya akiba. Baba yake alimpa Y, isiyojua habari za ful, kwa hiyo Wagdi asingeweza kumrithisha hali hii hata kama angekuwa nayo. Hapo ukoo wake hauna cha kujivunia. Lakini wanawake nao wasijisahau: kila chembe ya mwili wao hutumia X moja na kuizima nyingine, na bahati ikielemea ile mbovu, huugua kama wanaume. Malak apimwe.

Samah huenda anayo, huenda hana. Aombe kipimo cha vinasaba, kwani kile cha kawaida huwakosa wanawake wengi. Akiwa nayo, kila mtoto wa kiume ana nusu ya bahati ya kuepuka, na asiyeepuka ataishi vizuri akijikinga. Uchumba hauvunjwi kwa sababu ya maharage. Emad ana mdomo, autumie. Hagga mpelekeni kwa daktari kwa heshima, aulize mwenyewe.

Yahya asile ful, mbichi wala iliyopikwa, wala taamiya, maana nayo ni ful iliyosagwa na kukaangwa. Asikaribie vidonge vya kufukuzia nondo wa nguo kabatini, navyo huvunja damu yake. Kila daktari aambiwe kabla hajaandika dawa, na walimu wake wa chekechea pia.

Malak akionekana anayo, mwambie mwenyewe, mapema, akiwa bado kwenu. Asije akaambiwa na mkwe.

Afaf