Beberu wangu na kikande wako

Mjukuu wangu Ambakisye,

Ugonile? Sisi hapa Uyole tu wazima, na goti la bibi yako limepoa. Picha ya tangi lako la samaki wa baharini nimewaonyesha mpaka watu wasionijua. Nawaambia, "Kijana wetu anafuga bahari sebuleni!"

Sasa unataka kuotesha matumbawe humo. Taa umebadilisha, maji yametulia, ila kikande, yule samaki wako mwenye meno, atayatafuna. Unaniuliza umtoe au umwache, maana ndiye samaki wako wa kwanza.

Ujanani nilikuwa na beberu ambaye Mbeya nzima hakuwa na mwenzake. Bibi yako alipoolewa alikuja na miche mitatu ya parachichi kutoka kwao Tukuyu. Beberu akala mmoja. Nikajenga uzio, akauruka, akala wa pili, na mimi nikamsifia anavyoruka! Bibi yako akasema, "Mume wangu, sema leo. Hapa ni bustani au ni zizi?"

Nikampeleka beberu kwa shemeji yangu Chunya, kamba nimeishika mwenyewe, nimenuna njia nzima. Lakini kila nilipokwenda alinijia mbio, na wajukuu zake wamejaa kule, wote wanatembea kwa maringo kama mimi.

Mtafutie kikande tangi la mtu atakayempenda, na umpeleke wewe mwenyewe. Matumbawe yakichanua nitumie picha.

Maparachichi uliyoyala utoto wako wote yalitoka kwenye ule mche wa tatu.

Babu yako, mkwe wa Tukuyu