Kofia ya Mkono wa Saba

Yombo Vituka,
Temeke,
Dar es Salaam.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa kaka yangu Suleiman,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima huko Mpika, wewe na wifi yangu Noela na watoto wote. Mimi hapa sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku za mvua yananikumbusha kwamba nimeshaingia miaka hamsini na saba. Presha ipo lakini tunaelewana. Na wewe je, kile kifua kimepona? Kwenye simu ya Idd iliyopita ulikohoa zaidi ya ulivyosema.

Najua utashangaa kupata karatasi. Simu zetu ni za dakika mbili, tunaulizana hali, tunasema inshallah, basi. Ninalotaka kukueleza leo halikai kwenye dakika mbili. Tena nikisema kwa simu, ama wewe utakata, ama nitakata mimi. Kwa hiyo nimekaa sebuleni tangu asubuhi na daftari la mjukuu, na hakuna wa kuniuliza naandika nini.

Maana nyumba ya baba imebaki na mimi tu, kaka. Mwanangu Naima ameolewa yuko Tegeta, ana nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe, na kila wiki ananiambia nihamie kwake. Ana huruma, lakini anasema mambo haraka haraka kama mtu anayefukuza kuku. Siku hizi chai napika kikombe kimoja. Zamani sikujua kama chai ya kikombe kimoja inawahi hivyo kupoa.

Habari yenyewe ni kwamba kibanda cha mikono, kile cha baba pale relini, kimevunjwa. Walianza Jumatatu, hadi Alhamisi pakawa uwanja. Nilikwenda kila siku nikasimama ng'ambo ya reli na mwavuli wangu, wale mafundi wakaniona kichaa.

Unakumbuka baba alivyopenda kusimulia historia yake, hasa mgeni akishakula na hana pa kukimbilia. Kwamba mwanzoni pale reli mbili zinapokatana alisimama mtu mmoja na bendera, nyekundu na kijani, na treni mbili zikija pamoja ni yeye na Mungu wake. Baadaye wakajenga kibanda cha mbao chenye mikono ya chuma minane, ukivuta mmoja njia ya treni inafunguka. Ndipo kikaja kile cha matofali, orofa moja na vioo pande zote, mikono kumi na minane imepangwa kama watu kwenye safu ya sala. Baba aliingia humo mwaka 1958 kama mfagizi. Alikuwa hajui kusoma, akajifunzia namba kwenye vibao vya ile mikono.

Na kule chini ya sakafu, alisema, vyuma vinajuana vyenyewe kwa vyenyewe. Ukivuta mkono huu kuipa treni njia, ule wa njia inayokatana nayo unajifunga, hata mje wanaume wanne hamuutoi. Hapo mgeni hutikisa kichwa kwa mshangao, na baba huinua kidole: lakini vyuma havioni behewa lililosimama. Hilo ni kazi ya mtu.

Kwa ajili ya hilo ndiyo ilikuwapo ile desturi ya kofia. Zile pete za chuma za kuvisha mkono usivutwe, zilizoletwa na mabwana wa zamani, zilikuwa zimepotea zote, kwa hiyo njia ikiwa na mabehewa yamesimama, mkono wake unavikwa kofia. Mkono uliovaa hauvutwi. Hata nyumbani baba alituletea desturi hiyo: mtu akiwa bado nje, kofia inatundikwa kwenye komeo la mlango, na aliye ndani hafungi mpaka wa mwisho aingie. Mama alikuwa akimcheka, anasema ameolewa na stesheni.

Sasa kaka, naomba usome polepole, na kama umesimama, kaa.

Ile Ijumaa ya mwaka 1981 wewe ulisema kweli.

Miaka arobaini na mitatu watu wamesema kwenye zamu yako ulisahau kuuvika kofia mkono wa saba, ukaona aibu, ukasema uliuvika. Baba alikwambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba kosa angelisamehe lakini uongo hausamehe. Wewe ukaapa, ukalia, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili. Wiki haikwisha ukapanda treni ya kusini, ukavuka mpaka, ukatuachia shuka lako kitandani. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na jibu la shauri zima.

Mkono wa saba ulikuwa umevaa. Niliuvua mimi.

Nilikuwa nimetumwa na mama kupeleka kikapu cha chakula cha baba, aliyekuwa anaingia zamu mchana ule. Nikapanda ngazi. Ulikuwa umenipa mgongo, umeinamia simu ya stesheni unapiga kelele kama kawaida, maana ile simu bila kelele haikusikia. Nikaona kofia kuukuu nyekundu ya kibandani imevaa mkono wa nne, mahali pake. Halafu nikaona kofia yangu. Ile nyeupe niliyokushonea kwa miezi mitano, tundu kwa tundu, kofia yangu ya kwanza maishani, hata kidole kilikuwa bado na kovu la sindano. Imetundikwa kwenye chuma chenye grisi.

Nilijua desturi. Siwezi kujitetea kwamba sikuijua. Ila nilijua kibanda kina kofia yake, ile nyekundu, na hiyo imeshafanya kazi yake kwenye mkono wa nne. Haikunijia kabisa kwamba siku hiyo njia mbili zilikuwa na mabehewa. Niliona umetafuta tu msumari wa kutundikia, na umeidharau kazi yangu yote hadi kuigeuza tambara. Nilikasirika, kaka. Nilikuwa na miaka kumi na minne na hakuna mtu aliyewahi kuvaa kitu nilichokishona. Nikaichukua, nikaweka kikapu, nikashuka bila kukuaga ili ujue nimenuna.

Adhana ikalia. Wewe ukateremka mbio kuwahi sala ya Ijumaa, na kofia ya msikitini ulikuwa nayo mfukoni. Ukapishana na baba kwenye ngazi, mkasalimiana tu, maana kofia ikishakuwapo nani ahitaji kusema? Baba akaingia, akaona wa nne umevaa na wa saba u wazi. Akauvuta.

Mshindo wa treni kugonga yale mabehewa ulinikuta uani nyumbani. Nilikuwa nimeshaifua kofia, nimeitia wanga, naivisha juu ya bakuli ikauke na umbo lake. Sikujua ni nini mpaka watu walipopita wakikimbia. Jioni waliposema Petro, yule gadi msimamizi wa mabehewa, alikuwa ndani ya behewa la mwisho na mguu wake umesagika, na kwamba chanzo ni mkono wa saba, nilielewa yote kwa mara moja. Kofia ikiwa bado mbichi nikaizika chini ya pipa la mchele. Baba aliniuliza mara moja tu kama niliona kofia kule juu. Nikasema sikuona. Neno moja, kaka, nalo ndilo lililokufikisha Mpika.

Baba naye walimshusha cheo. Mpaka anastaafu alikuwa akishika bendera kwenye geti la barabara, chini ya dirisha alilokuwa akikaa. Jina lako hakulitaja tena. Lakini kila jioni, usimwambie mtu kwamba baba alikuwa na moyo wa jiwe, alitundika kofia yake kwenye komeo. Mama alimuuliza nani bado yuko nje, akajibu kwamba ni mazoea. Siku tulipopata habari kwamba mtoto wako wa kwanza umemwita Mfaume, jina lake, kofia aliitundika saa kumi, jua bado linawaka.

Nilimwambia ukweli mwaka 2006, alipokuwa amelala hawezi tena kunyanyuka. Nilidhani atanilaani. Aliomba maji, nikamnywesha. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba miaka kumi na minane, na sijapunguza wala kuongeza: "Kanuni ni kwamba ukiingia zamu, kwanza dirisha, ndipo kofia. Mie siku ile sikutazama dirisha. Nimelijua hilo tangu siku ile ile, nikamwachia mtoto. Mwandikie kaka'ko. Mwambie mkono niliuvuta mie."

Siku ya nne baada ya hapo akafariki. Wewe hukuja kumzika, watu wakasema mengi, na mimi nikanyamaza nao.

Utauliza kwa nini sikuandika. Kwa sababu nisingeweza kukupa maneno ya baba bila kukupa na yangu. Nilisema nitaandika baada ya arobaini, kisha baada ya harusi ya Naima, kisha nikajiambia umeshazeeka, umeshasahau, kwa nini nikutoneshe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliyaficha nikiyaita heshima.

Alhamisi, siku ya mwisho ya kubomoa, nani nikamwona anakuja na mkongojo wake? Petro. Anakaa Tabata kwa mwanawe, sijui alipanda nini na mguu ule. Tukasimama pamoja tukitazama wanavyong'oa mikono, wanaitupa kwenye lori la vyuma chakavu mmoja mmoja. Wa saba ulipotoka nilishindwa. Nikamweleza yote pale pale, juani.

Hakunitukana. Alitazama lori mpaka likaondoka, ndipo akaniuliza, "Suleiman anajua?"

Nikasema, "Hajui."

"Basi dada'ngu, ulikosea mlango. Mie umeninyang'anya mguu tu. Nenda kamwambie mwenye mali."

Akaenda zake. Nimeumwa kichwa siku mbili, leo nimechukua daftari.

Ndani ya bahasha hii utakuta kitambaa cheupe kilichokunjwa. Ndiyo yenyewe. Imekuwa ya manjano kidogo pembeni, na doa la grisi halijawahi kutoka, ingawa juzi nimeifua tena, nimeitia wanga na kuikausha juu ya bakuli lile lile. Ni yako. Usinirudishie hata ukikasirika. Ukitaka kukasirika, kasirika, una haki, na mimi nitakaa nayo hasira yako vizuri kuliko nilivyokaa na siri.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba tu umwite kijana wako Mfaume, umsomee yale maneno ya babu yake kwa sauti, ajue jina analobeba lilikubali kosa lake, na kwamba baba yake hakuwahi kuwa mwongo.

Nisalimie wifi Noela, mwambie ule mkeka aliouomba nimeshaumaliza, unasubiri wa kuuchukua. Nisalimie Mfaume na dada zake. Naima anakuamkia. Shangazi Zubeda bado yu hai, haoni vizuri ila ukimtaja wewe anajua ni nani. Mungu akupe afya, afungue kifua chako, na akuzidishie siku zile nilizokupunguzia.

Majirani wananigombeza kwamba mwanamke wa peke yake analala bila kufunga komeo, wezi wamejaa. Naegemeza kigoda tu mlangoni. Naima naye nimemwambia siwezi kuhamia kwake bado, na sikumwambia sababu. Sababu ni kofia ya baba. Kila usiku tangu uondoke iko kwenye komeo, na kuna mtu mmoja hajaingia.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, niliyekuvua kofia,
Mwajabu.