Siku Mashine ya Kahawa Ilizimwa kwa Ajili Yangu

Mjukuu wangu Wanjiru,

Huku Gakindu hatujambo. Ng'ombe amezaa, na cucu yako, mke wangu mkali, anakusalimu sana.

Unauliza amplifaya yangu ya kwanza ya gitaa niliijenga na nani. Peke yangu! Shule niliachia darasa la tano, lakini vipuri vilipofika kutoka Ulaya nilichomelea waya zote mwenyewe, kama daktari anayeshona mtu. Nikajisifu soko zima kwamba italia.

Stima ilikuwa kwenye kiwanda cha kahawa tu. Wakulima waliopanga foleni wakakubali mashine izimwe wanisikie. Nikawasha. Kimya. Nikajua nitachekwa mpaka Nyeri, nikashika waya niichomoe.

Msichana mmoja aliyekalia gunia lake la kahawa akaniita, "Wewe fundi wa mdomo, ngoja ipate moto! Kwani kwenu githeri huiva ukiwasha moto tu?"

Wakacheka, nikangoja. Valvu, zile taa ndogo za kioo ndani yake, zikawa nyekundu, nikagusa gitaa, na sauti ikavuka mto.

Kwa hivyo niliijenga peke yangu, lakini bila huyo msichana ningeichomoa. Namshukuru mpaka leo. Sasa ananiita, ati chai inapoa.

Guka wako